Zanzibar Isiyo na Wazanzibari: Miaka 34 ya Jina Letu Ndani ya Gemu

Simama mbele ya marikiti ya Darajani, mwombe mtu akuonyeshe daraja. Atakucheka. Daraja hakuna. Kuna daladala, wauza simu, wapiga kelele wa mitumba na harufu ya samaki. Lakini jina halikutoka hewani. Zamani mkono wa bahari ulikuwa ukiingia hapo na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu wakivuka kwa daraja. Marikiti ilifunguliwa mwaka 1904, wakati maji bado yapo. Baadaye mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake. Daraja limekwenda, jina limebaki, na ukilifuata jina unaikuta historia.

Leo nataka tulifuate jina jingine: Zanzibar. Na hatutalifuata kwenye hati za mabalozi wala ramani za mabaharia. Tutalifuata kwenye gemu.

Usicheke, msomaji. Wapo vijana huko nje ambao mara ya kwanza kulisikia jina la Zanzibar walikuwa wameshika pedi, si kitabu. Na hapa kwetu wapo watoto wanaotoka skuli na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha gemu, wanakaa kwenye benchi wakingoja zamu. Kama tunakubali kwamba hadithi za bibi na filamu zinamfundisha mtu dunia ikoje, basi gemu nayo inafundisha. Swali ni moja: inafundisha nini kuhusu sisi?

1990: Zanzibar iliyo Asia

Mwaka 1990, kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu ya kompyuta za MSX2 iitwayo Metal Gear 2: Solid Snake. Mkuu wake wa ubunifu alikuwa Hideo Kojima, ambaye baadaye akawa mmoja wa watengenezaji mashuhuri zaidi duniani. Askari mmoja anajipenyeza ndani ya nchi yenye ngome kali ili kumwokoa mwanasayansi aliyegundua kijidudu kinachotengeneza mafuta. Nchi yenyewe inaitwa Zanzibar Land.

Iko wapi? Asia ya Kati, jirani na Afghanistan. Haina bahari, haina minazi, haina hata mtu mmoja anayesema "hodi". Jina limeng'olewa mahali pake likapandikizwa milimani, kwa sababu masikioni mwa mtu wa mbali linasikika kama pahala pa siri na hatari. Gemu hiyo ilibaki Japani muda mrefu, na toleo rasmi la kuchezwa nje lilikuja mwaka 2006.

Tusiwe wakali mno hapa. Kuazima majina si dhambi, na sisi wenyewe tunaazima. Nenda Jaws Corner, pale katikati ya Mji Mkongwe, watu wanakunywa kahawa, wanacheza dhumna na kubishana siasa hadi usiku. Pale pamepewa jina la filamu ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu papa anayekula watu. Hakuna papa. Lakini angalia tofauti: sisi tulilichukua jina la kigeni tukaliweka mahali penye watu, likazaa barza, urafiki na mabishano. Kojima alilichukua jina lenye watu akaliweka mahali pasipo na watu hao.

2004: uwanja wa vita wenye jina letu

Miaka 14 baadaye jina lilirudi pwani. Halo 2, iliyotengenezwa na studio ya Bungie, ilitoka Novemba 2004 na kuuza nakala milioni 2.4 ndani ya saa 24 za kwanza. Hadithi inatokea mwaka 2552, na viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Dunia kupitia mji uitwao New Mombasa. Na kati ya viwanja vya kupambana wachezaji kwa wachezaji, kimoja kilikuwa maarufu sana. Kilipewa jina Zanzibar.

Ni uwanja mzuri, lazima nikiri. Kuna ufukwe, kuna ukuta wa bahari, kuna gurudumu kubwa linalozunguka, maana pale ni kituo cha umeme wa upepo. Kundi moja linalinda, jingine linashambulia kutoka baharini. Umaarufu wake ulifanya urudiwe katika Halo 3 mwaka 2007 kwa jina jingine, na mwaka 2014 ukatengenezwa upya tena. Safari hii uliitwa Stonetown.

Sasa weka hiyo karibu na historia yetu ya kweli. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Ukakatika tena Disemba 2009, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Watu walichota maji visimani kwa sababu pampu hazikufanya kazi, na jenereta zilinguruma madukani. Yaani wakati ule kwenye televisheni za watu wa mbali Zanzibar ilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, Zanzibar yenyewe haikuwa na umeme wa kuwasha televisheni.

Mtengenezaji hakulazimika kulijua hilo. Gemu ya mapambano inahitaji mahali: pa kujificha, pa kurukia, pa kupigia shabaha. Watu wa mahali hapo wanakuwa kizuizi tu. Ndiyo maana katika Stonetown ya gemu hakuna nguo zilizoanikwa, hakuna mtoto anayetumwa dukani, hakuna baraza lenye wazee.

Studio hiyohiyo ilijaribu kitu kingine mwaka 2009 katika Halo 3: ODST. Unatembea peke yako usiku katika mitaa mitupu ya New Mombasa. Sehemu za gemu zimepewa majina kama Kizingo na Kikowani, majina ya kweli ya Mombasa. Wakaazi hawaonekani, lakini ukiwa na subira utakuta vipande 30 vya sauti vilivyofichwa mitaani, na ukiviunganisha unapata hadithi ya msichana Sadie anayemtafuta baba yake. Baba huyo anafanya kazi na kompyuta inayouendesha mji, na jina lao la ukoo ni Endesha. Utacheka kidogo, maana inaonekana mtu alifungua kamusi. Lakini mimi nilivitafuta vile vipande usiku kucha. Kwa mara ya kwanza pwani yetu ya kubuni ilikuwa na mtu anayemtafuta mtu wake.

Wimbo bila wasemaji, karafuu bila wachumaji

Gemu za mikakati zilikuja kwa mlango mwingine. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguka kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa kazi ya kwanza ya muziki wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Kwaya za mataifa mbalimbali huuimba hadi leo. Kiswahili kilipendwa. Lakini ingia ndani ya gemu utafute dola ya Waswahili uicheze: hakuna. Lugha yetu ilipewa mlango wa kukaribishia wageni, chumba haikupewa.

Katika Civilization VI ya mwaka 2016 tulipata chumba kidogo. Zanzibar ni mji-dola wa biashara, na ukiwa mlinzi wake unapata zawadi ambayo huipati kwingine kokote: mdalasini na karafuu. Zinawafurahisha raia wako mara moja, bila jasho.

Historia ya karafuu yenyewe ina jasho jingi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 na ikaenea mashamba ya Unguja na Pemba kwa kazi ya watumwa. Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, mwendo wa dakika chache kutoka Darajani, na lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897. Gemu inakupa karafuu, haikupi mkono ulioichuma. Mchezaji wa Chicago anaweza kumaliza saa 200 akila matunda ya Zanzibar bila kujua kuna kitu cha kuuliza.

Kwa nini maiti hutoweka

Hebu tuingie kidogo kwenye mashine, maana hapa ndipo sayansi inaposaidia historia.

Umewahi kujiuliza kwa nini katika gemu nyingi adui ukimuua, mwili wake hubaki sekunde chache kisha unayeyuka? Sababu ya kwanza ni hesabu. Kila mwili ni umbo la pembetatu nyingi ambazo mashine inapaswa kuzikumbuka na kuzichora upya mara nyingi kwa sekunde. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 tu. Picha kumi hivi za simu ya leo zinaijaza. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa na uchaguzi: kuubakiza mwili chini, au kumleta adui mpya. Mara nyingi akamleta adui mpya.

Mashine za leo zina kumbukumbu kubwa mara mia kadhaa, lakini tabia ile haijaisha. Imekuwa desturi ya kusimulia. Vijana wetu wana msemo kuhusu filamu: steringi hafi. Wengine wote wanakufa, na hakuna anayewazika.

Lakini angalia kinachotokea gemu inapotaka kusimulia hadithi ya kweli. GTA San Andreas ya mwaka 2004, inayojulikana vibandani kwa wizi wa magari, inaanza na msiba: CJ anarudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa. The Last of Us ya 2013 inaanza na baba aliyempakata binti yake anayekata roho. Kisha God of War ya 2018: Kratos, ambaye katika gemu zilizotangulia aliua miungu kama mtu anayechinja kuku, anatembea na mwanawe kupeleka majivu ya mama wa mtoto kwenye kilele cha mlima. Humo humo anaua mamia ya viumbe wasio na jina. Kumbe gemu moja ina vifo vya aina mbili: vinavyokupa pointi, na vinavyokunyima usingizi.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Nikitaka kujua gemu inawathamini watu gani, sihesabu wangapi wamo. Nauliza: akifa mmoja wao, kuna mtu atalia?

Tatizo letu la vibandani ni lugha. Hadithi hizo zimesemwa kwa Kiingereza cha haraka, na nyuma yako kuna watu watatu wanangoja zamu. Msiba wa mama yake CJ unaanza, benchi zima linapiga kelele: "Ruka! Ruka hiyo!" Kitufe kinabonyezwa. Kinachobaki ni bunduki na gari. Filamu za nje zina watu wao wanaozitafsiri, sauti yao ikipanda juu ya sauti ya steringi, na tunacheka na kulia nao. Gemu haikuwa na wa kuitafsiri.

2024: mganga anayelia

Aprili 2024 ikatoka Tales of Kenzera: Zau. Studio yake ni Surgent Studios ya Uingereza, na mwanzilishi ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu walishaijua sauti yake, maana ndiye Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Salim alifiwa na baba yake, na gemu hii ameitengeneza kutokana na msiba huo.

Kijana Zuberi amefiwa na baba. Anaachiwa kitabu, na ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye makubaliano: akimletea mizimu mitatu mikubwa, baba yake arudishwe. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kupigana kwake kunafanana na ngoma. Kalunga anafuatana naye njia nzima, mzee mwenye kejeli na huruma. Kuna mahali Zau anakaa tu chini ya mti, anazungumza na Kalunga kuhusu machungu yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Hakuua mtu. Alizungumza tu, na mashine ikahesabu kwamba amepata nguvu.

Na yote hayo unaweza kuyasikiliza kwa Kiswahili. Ukiicheza hivyo, kile kitufe cha kuruka kinakosa kazi.

Siisemi kwamba haina kasoro. Mapigano yanajirudia, na ni fupi. Pia haikuwa na mwisho mwema kibiashara: miezi michache baada ya kutoka, studio ilitangaza kwamba ajira za wafanyakazi ziko hatarini. Hilo nalo ni somo la historia. Hadithi yetu kusimuliwa vizuri mara moja hakutoshi kuilinda.

Dakika 38

Sasa tuje nyumbani kabisa. Ukiandika Zanzibar kwenye intaneti, hukai sana kabla hujakutana na mzaha huu: vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Watu wanacheka, wanaweka picha ya mtu anayechemsha tambi. Tazama ilivyokuwa.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultan Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Akapewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, manowari za Uingereza zilianza kupiga. Meli ya sultani, Glasgow, ilizama bandarini. Beit al-Hukm iliharibiwa kabisa. Inakadiriwa watu 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Tarehe 2 Oktoba, bahari ilipojaa hadi ukingo wa ubalozi, alipanda boti ya Wajerumani bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar, maana Waingereza walikuwa wakimngoja nje. Akaishi Dar es Salaam, akakamatwa mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni Shelisheli na St Helena, na akafariki Mombasa mwaka 1927.

Mpe hiyo mtengenezaji wa gemu za mapambano, atakupa uwanja wa dakika 38: manowari tano, kasri moja, moto, umeshinda au umeshindwa. Miili inayeyuka. Mpe mtu mwenye kipimo kile cha pili, ataanza saa nne kasorobo, mizinga ikiwa imenyamaza. Atakupa mtu wa kawaida kutoka Ng'ambo, labda mama, anayevuka daraja la Darajani kwenda upande wa moshi kumtafuta mwanawe aliyekuwa mtumishi wa kasri. Hakuna adui wa kupiga. Kazi yako ni kuuliza watu, kuingia vichochoroni, kuinua mbao zilizoungua. Mama huyo nimembuni mimi, lakini wale 500 sikuwabuni, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumtafuta.

Tofauti ya gemu hizo mbili si bajeti. Ni nani anajua kwamba palikuwa na daraja.

Na muda hautungoji. Beit al-Ajaib ilinusurika mizinga ile ya 1896, lakini sehemu yake kubwa iliporomoka Disemba 2020, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo nina ombi kwako wewe unayesoma kompyuta, uchoraji au fasihi. Kumbukumbu za serikali zipo Kilimani, zina hati na picha za mji huu. Wazee wapo, na wengi wanapenda kuulizwa. Huhitaji mashine ya mamilioni kuanza: gemu ya maandishi tu, yenye maswali na njia za kuchagua, inaweza kutengenezwa kwa kompyuta ya kawaida na ikachezeka kwenye simu. Bibi zetu walifanya kazi hiyo kwa neno moja, paukwa, na hadithi haikusogea mpaka wewe uitikie pakawa.

Anza na mtaa mmoja. Weka humo watu wenye majina. Na akifa mmoja wao, usiache mwili wake uyeyuke.